Benchi la Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkojo wa watu kumi na saba. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi. Nilitoka nyumbani suruali imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, bahasha ya vyeti kwapani, mama yangu akinisindikiza hadi barabarani kana kwamba nakwenda Ulaya, wakati hospitali yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, hapa hapa Sumbawanga mjini. Nilidhani nitapewa koti jeupe na watu waanze kuniita daktari. Koti nilipewa kweli, la mtu aliyestaafu akiwa mfupi kuliko mimi, mikono ikaishia karibu na viwiko. Kisha Sista aliyekuwa mkuu wa wauguzi, mtawa mwembamba aliyetembea bila kusikika, akanionyesha meza ndefu yenye vichupa kumi na saba na taa ya spiriti.

"Hawa ni wagonjwa wa sukari," akasema. "Nataka rangi zao kabla ya saa mbili."

Ninyi mnaoanza kazi leo mnachoma kidole, mashine inawapa namba kabla mgonjwa hajamaliza kusema "aisee". Sisi tulipika. Unatia dawa ya maji ya buluu kwenye kibomba cha kioo, unadondosha matone manane ya mkojo, unachemsha, unasubiri rangi. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Njano, ipo. Ikija rangi ya tofali, ipo tele, na mwenye mkojo atapata maneno yake. Mama yangu alikuwa hajawahi kuniachia hata nichemshe chai, maana alisema nitaunguza maji. Asubuhi ile nikawa mpishi wa vyungu kumi na saba kwa mpigo.

Nilimaliza kabla ya saa mbili, nikamkimbilia Sista na karatasi yangu.

"Namba tisa ni tofali, Sista. Tofali kabisa."

"Namba tisa ni nani?"

"Sijui, Sista."

"Shingo yake umeigusa?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Akanishika mkono wa koti, ule mfupi, akanipeleka wodini hadi kitanda cha namba tisa, akauweka mkono wangu nyuma ya shingo ya mzee aliyelala hapo. Ilikuwa imekauka, ina joto la kawaida.

"Rangi inakueleza habari za saa zilizopita," alisema. "Shingo inakueleza za sasa hivi. Mgonjwa wa insulini ukimkuta ana jasho la baridi hapa, usiulize rangi, usitafute faili. Mpe sukari kwanza. Maswali baadaye."

Nilicheka kimoyomoyo. Sukari kwa mgonjwa wa sukari! Nikasema mama wa watu amezeeka. Sikujua bado kwamba insulini ni kama ng'ombe wa kulimia: akiwa na kazi ya kufanya analima, akikosa shamba anabomoa zizi. Unaidunga ili ishushe sukari iliyotokana na chakula. Ukiidunga nyingi, au ukaidunga usile, inaendelea kushusha tu. Mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anakuwa mkali kwa watu, maneno yanampotea, kisha anaanguka. Sukari kupanda huua taratibu. Kushuka hakuna subira hiyo. Hili nililisoma, nikalifanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Kumbukeni hapo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili mjue ni shujaa wa aina gani anayewasimulia. Wenzangu waliomba kwenda masomoni Dar es Salaam na Moshi. Mimi niliomba nisihamishwe. Serikali nayo, kwa kunipenda, ikanipeleka Milepa.

Milepa ni bondeni, chini ya ukingo wa uwanda wetu, na kule joto halina mzaha. Nilishuka na mto wangu wa kulalia kwapani, maana siwezi kulala juu ya mto wa ugenini. Watu wa zahanati waliuona ule mto kabla hawajaniona mimi, na kwa miaka minne jina langu likawa Bwana Mto. Mkubwa wangu pale alikuwa Tabibu, bwana mnene mpole aliyeamini kwamba ugonjwa wowote unaoweza kusubiri mpaka alasiri si ugonjwa. Friji ya mafuta ya taa iliyotunza chanjo haikuruhusiwa kuwekwa kitu kingine, kwa hiyo wagonjwa wetu wachache wa insulini walikwenda na vichupa vyao nyumbani, kwenye vibanda vya bati. Insulini haipendi joto. Inafifia, unadunga maji, na asubuhi mgonjwa anaamka sukari iko juu darini.

Mama mmoja wa pale ndiye aliyenifundisha. Alikiweka kichupa chake ndani ya chungu kidogo, chungu akakiweka ndani ya kikubwa chenye mchanga, na kila asubuhi na jioni akaumwagia mchanga maji. Nikamuuliza nani kamwelekeza.

"Hivi ndivyo tunavyotunza maji ya kunywa, Bwana Mto. Dawa ni nini zaidi ya maji?"

Nikaandika ripoti kuhusu chungu kile, Tabibu akaisaini kama yake. Sikuwa mtu wa kugombana. Mtu wa nyumbani anataka jioni arudi, avue viatu.

Kutoka hapo nikapandishwa tena juu uwandani, kituo kimoja upande wa Chala, ambako kosa la insulini lilikuwa kinyume chake: si joto, baridi. Tulikuwa na friji nzuri, nami kwa bidii zangu nikavisukuma vichupa vyote mpaka ukutani, mahali panapoganda. Insulini ikiganda, hata ikiyeyuka imekwisha kufa. Ukitazama vizuri utaona chenga nyeupe zimeshika kioo. Sikutazama vizuri. Wiki tatu wagonjwa wote wakaja asubuhi na sukari ya kutisha. Mkubwa wangu wa pale, Mganga Msaidizi aliyevaa tai hata Jumamosi, akawasomea shutuma.

"Mmekula sikukuu! Mmekula maandazi! Mnadhani siwajui?"

Wazee wa watu wakainama. Mmoja wao, ambaye hata andazi hakuwa na uwezo wa kulinunua, akaomba msamaha. Ni yeye huyo aliyesema wakati wa kuondoka, kwa upole sana, "Ila dawa ya safari hii ina chenga kama uji wa mtoto." Ndipo nikaenda kwenye friji nikajiona nilivyo. Nikavibadilisha vichupa usoni pa tai ile, na wale wazee hatukuwaomba radhi. Mkubwa alisema ukimwomba radhi mgonjwa, kesho hatakusikiliza.

Naeleza haya ili mwone kwamba nilikwisha kufundishwa. Mara mbili, bure, na wagonjwa wenyewe: asubuhi sukari ikiwa juu, usianze na mdomo wa mgonjwa. Nikalisahau somo hilo mara tu nilipopata kiti changu mwenyewe.

Kiti hicho nilikipata kwenye kituo cha afya cha pembezoni mwa mji, si mbali na Kasense. Nililia kwa furaha barua ilipokuja. Nyumbani! Kitanda changu, mke wangu Gaudensia, ugali wa ulezi wa moto na maharage. Nikapewa kliniki ya sukari ya kila Alhamisi asubuhi, na kufikia wakati huo mashine za kidole zilikuwa zimefika. Kabla ya kula, namba saba kushuka chini ni nzuri. Juu yake, hapana. Mkubwa wangu sasa alikuwa Mganga Mfawidhi, kijana aliyenizidi elimu na kunipungukia miaka, mwenye usemi mmoja aliousema kila wiki.

"Mzee, namba haidanganyi. Anayedanganya ni mtu."

Agizo lake lilikuwa fupi. Sukari ya asubuhi ikizidi, sindano ya jioni unaipandisha yuniti mbili. Mwezi ujao ikizidi tena, mbili tena. Hakukuwa na sehemu ya kuuliza maswali kwenye fomu, nami siku zote nimekuwa mtumishi mwaminifu wa fomu.

Benchi lilikuwa wazo langu. Hilo sitamsingizia mtu.

Kwenye veranda ya kliniki tulikuwa na mabenchi mawili. La mbele lilipigwa na jua la asubuhi. La nyuma lilikuwa kivulini, kwenye pembe ambapo upepo hukata kona. Anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa sita na wa saba, ambapo mtu huongea na moshi ukamtoka kinywani, atajua jua lile lilikuwa na thamani gani. Nikatangaza: aliyepata saba au chini yake kliniki iliyopita, benchi la mbele. Aliyezidi, la nyuma. Na faili za benchi la nyuma zitakaa chini ya rundo, wapimwe mwisho, wajifunze.

Ilifanya kazi ajabu. Watu wazima, wenye wajukuu, wakaanza kushindana kama watoto wa darasa la tatu. Namba zikashuka. Mganga Mfawidhi akanipiga begani mbele ya wageni kutoka ofisi ya mkoa. Hakuna aliyeuliza, mimi nikiwa wa kwanza kutouliza, ni wangapi waliolala na njaa Jumatano ili wapate jua kliniki ifuatayo.

Mmoja aliyekaa benchi la nyuma kila mwezi alikuwa Leokadia, mdogo wake mke wangu. Mjane, mkulima wa Kasense, anaishi peke yake baada ya binti yake kuolewa. Mwanamke wa maneno. Mimi na yeye ni mashemeji, na mnajua mashemeji: kati yetu hakuna salamu iliyonyooka. Akinikuta naosha vyombo nyumbani kwangu atasema, "Dada, huyu ulimwoa au ulimwajiri?" Nami nitamwambia mahari yake tulikula viazi, ndiyo maana hana akili. Siku asiponitukana, nilijua anaumwa.

Alikuwa anadunga insulini ya kuchanganya, ile yenye ukungu, asubuhi na jioni. Jioni alianza na yuniti kumi. Asubuhi sukari kumi na mbili. Nikapandisha. Mwezi uliofuata kumi na tatu. Nikapandisha. Akanywea hata mashavu, na namba haishuki. Mwezi wa tatu, akiwa ananyoosha kidole nimchome, akasema kwa sauti ya kusikika veranda nzima:

"Shemeji, hii sindano yako ya jioni ina shetani. Alfajiri, jogoo hajawika, inanitikisa mpaka kitanda kinalia. Nimelowa kama niliyenyeshewa. Basi nanyanyuka gizani, nabugia togwa nusu kibuyu kama mwizi, ndipo linaniachia."

Someni tena maneno hayo. Hakuna kitabu cha uganga kinachoeleza vizuri kuliko hivyo. Sukari ilikuwa inashuka alfajiri kwa sababu dawa ya jioni ilikuwa nyingi mno. Anatetemeka, anajiokoa kwa togwa, kinywaji kitamu cha nafaka. Asubuhi ananifikia mimi, mashine inasoma togwa. Nami napandisha dawa. Kila nilivyopandisha, shetani alizidi nguvu, na kibuyu kilizidi kujaa. Mwanamke yule alikuwa amenipa jibu lote, tena bila mimi kuuliza.

Nami nikamjibu, "Mjane wewe, kitanda kinatikisika alfajiri, unasingizia sindano? Mtaje huyo shetani kwa jina tumjue!"

Benchi la nyuma likacheka mpaka watu wakakohoa. La mbele likacheka. Leokadia mwenyewe akacheka, akanipiga kofi la bega, akasema, "Angalau yeye si paka wa jikoni kama wewe." Nikajiona mtani hodari. Halafu nikachukua daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Sukari asubuhi 13. Anakunywa togwa kabla ya kupimwa. Ameonywa. Jioni panda mbili.*

Nilimwonya kweli. Utani ulipokwisha nikakunja uso, nikamwambia, "Sasa nakuambia kama mtumishi wa afya. Togwa marufuku. Ukitaka jua, Alhamisi ijayo ya kliniki yako usitie kitu kinywani tangu uamke mpaka nikupime."

"Hata nikitikiswa?"

"Hata ukitikiswa."

"Haya. Utaniona benchi la mbele, shemeji. Utakoma."

Alhamisi ile ya mwezi wa saba upepo ulikuwa mkali, mabati yanapiga kelele. Nilipofika nikamkuta Leokadia amekwisha kukaa. Benchi la mbele, katikati, juani. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Kasense.

"Leokadia, hapo si pako," mzee mmoja alimwambia. "Wewe faili lako liko chini."

"Leo ni pangu," akajibu.

Nikapita nikiwa na rundo la faili mikononi. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Kila mtu pale amejifunga kitenge na sweta juu yake, mwingine blanketi, na yeye anatoka jasho. Nikaliona. Nataka niandike hivi bila kujificha: nililiona jasho.

"Shemeji, umekimbizwa na nani?" nikamwuliza.

Akanitazama kwa macho yasiyonikuta. Akasema, "Ondoka hapa, mwizi wewe. Umekuja kuiba kibuyu."

Veranda ikacheka. Nikacheka nao. Ningejuaje, nilijiambia baadaye miaka mingi, ningejuaje kama ni sukari au ni shemeji? Lakini huo ni uongo. Shingo ilikuwa pale, hatua mbili kutoka kwangu. Sista alikwisha kuniwekea mkono. Sikuigusa kwa sababu rundo la faili lilikuwa mikononi, na la Leokadia lilikuwa la mwisho, chini kabisa, na utaratibu ni utaratibu.

Nilipima watu kumi na mmoja. Kwenye wa tisa nilisikia mtu akisema, "Amesinzia." Nikasema mwacheni, ametembea mbali. Kwenye wa kumi na mbili alianguka ubavu, taratibu, kama gunia lililofunguka kamba, na hakushtuka.

Mashine haikunipa namba. Sukari ikishuka mno mashine huandika herufi mbili tu, kwamba iko chini kuliko inavyoweza kuhesabu. Tukatafuta mshipa, mshipa umekimbia; tukaupata; tukasukuma glukosi. Mganga Mfawidhi alifanya kazi yake vizuri siku ile, simnyimi haki yake. Watu wengine huamka sindano ikiwa bado mkononi, wakauliza mbona mnanitazama. Leokadia alifumbua macho siku ya pili, hospitali ya mjini. Ubongo unakula sukari, hauna akiba. Ukikaa na njaa muda mrefu, sehemu nyingine hazirudi.

Ripoti iliandikwa. *Mgonjwa alifunga kula bila ushauri wa mtaalamu.* Mganga Mfawidhi akanisogezea karatasi.

"Saini hapo, Mzee. Wewe ndiye uliyekuwepo."

"Mimi ndiye niliyemwambia asile."

Akalifungua daftari langu. "Kwenye daftari umeandika *ameonywa*. Hukuandika ameonywa nini. Saini, tuendelee na kazi."

Nikasaini. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu huusifu.

Nyumbani Gaudensia alikuwa amekaa jikoni, moto umezimika. Nilimweleza yote, hata ya togwa, hata ya kitanda kinachotikisika, nikitumaini atanitukana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja.

"Alikuambia."

Hakuongeza jingine wala hakulirudia mpaka leo. Wiki iliyofuata alikwenda Kasense, akafunga vyombo vya mdogo wake, akamleta kwetu. Tukaishi hivyo.

Kazi yangu niliimalizaje? Kwa sherehe. Soda, pilau, hotuba. Mganga Mfawidhi, ambaye sasa alikuwa amepandishwa cheo na kurudi kama mgeni rasmi, alisema kliniki yangu ilikuwa na namba nzuri za asubuhi kuliko zote alizopata kuzisimamia, na huenda alisema kweli, namba haidanganyi. Nikapewa blanketi na saa ya ukutani. Na kwa kuwa veranda ilikuwa inajengwa upya na viti vya plastiki vimeletwa, vijana wa kituo wakaona wanichekeshe: wakanipakilia kwenye gari la kubebea mchanga benchi la nyuma, limefungwa utepe. "Mzee wa Benchi!" walipiga kelele. Watu wakapiga makofi. Sikupata ujasiri wa kulikataa. Liko uani kwangu, ukutani upande wa mashariki. Hapa linapata jua.

Miaka michache baada ya hapo sukari ilinikuta na mimi. Msinionee huruma, ilikuwa inanitafuta kwa anwani sahihi. Mtu akae nyumbani, ale ugali wa ulezi sahani mbili, atembee kutoka kitandani hadi kitini, halafu ashangae? Vidonge vikashindwa, nikaanza kudunga. Mara ya kwanza iliponishuka alfajiri, nilikaa kitandani natetemeka, jasho limelowesha mto wangu ule ule wa Milepa, na akili yangu ya miaka thelathini na kitu ya kazi ikawa na wazo moja: nifiche. Nisiseme. Watanipandishia dawa. Nilikuwa najiogopa mwenyewe.

Kwa hiyo ninyi vijana, mkiwa bado hamjachoka kunisoma: asubuhi sukari ikiwa juu, sababu ni nyingi. Pengine dawa ya jioni ni ndogo kweli. Pengine alikula mno, au akala akiwa amechelewa. Pengine imeharibika, kwa joto au kwa kuganda. Pengine ini lenyewe linamwaga sukari mapambazuko, ndivyo miili mingine ilivyo. Na pengine ilishuka gizani akajiokoa kwa alichokipata. Mashine haijui ni ipi. Kabla ya kupandisha, mpimeni mara chache alfajiri, au kama hana kifaa, mwulizeni maswali matatu: huamki umelowa? Huamki unatetemeka, au kichwa kinauma? Ukiamka hivyo unakula nini? Na akiwajibu kwa utani, andikeni jibu lake kabla hamjacheka. Wapeni ruhusa ya kujiokoa. Mwambieni kabisa: ukitetemeka, kula, hata kama ni siku ya kipimo, hata kama nimekukataza.

Niliwahi kuyasema haya kwenye kikao cha wastaafu. Wakanishukuru kwa mchango wangu.

Siku hizi Gaudensia ndiye mpimaji. Macho yangu hayaoni tena namba za mashine. Kila asubuhi, jua likishafika ukutani, tunatoka watatu. Mimi na Leokadia tunakaa kwenye benchi, yeye anakaa upande wa jua. Amenenepa kidogo. Anachambua maharage vizuri, anaimba nyimbo za kanisani bila kukosea neno, lakini jina la mume wake halipo, na binti yake akija huambiwa karibu mgeni. Mimi hunisalimia kila siku kwa adabu, akiinamisha kichwa.

"Shikamoo, Daktari."

Kazi yangu yote nilitaka niitwe hivyo.

"Marahaba, mwizi wa kibuyu," namwambia. Namtupia hilo kila asubuhi. Namwambia mahari yake tulikula viazi. Namwonyesha nikiosha vikombe. Nasubiri aniite paka.

"Asante, Daktari," anasema.

Kisha mke wangu huja na kisahani chenye pamba na mashine. Kabla hajachoma mtu huweka kiganja nyuma ya shingo ya mdogo wake, halafu yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Huuliza, "Mmetetemeka?" Leokadia hutikisa kichwa. Mimi husema kweli, siku nyingi.

Leo asubuhi alianza na mimi. Akachoma, akasubiri, akaisogeza mashine kwenye mwanga, akasoma kwa sauti ili nisikie.

"Tisa nukta nne."

Leokadia akanyanyuka. Akakusanya kitenge chake, akasogea polepole mpaka mwisho wa benchi, kwenye kipande kilichobaki kivulini, akakaa hapo mikono juu ya magoti, kichwa chini, anasubiri maneno yake. Hufanya hivyo namba yoyote ikizidi saba. Yote mengine yamemtoka, hilo limebaki.

"Rudi juani, mdogo wangu," Gaudensia alimwambia. "Rudi. Yako bado sijaipima."

Hakurudi. Namba ilikuwa yangu.